SOMO LA UFUNDI: RIMU ZA GARI LA KARIBUNI KWENYE PIKAPU KUUKUU



Katika somo hili tutajifunza juu ya magurudumu ya gari. Tutatumia mambo mawili tuliyojifunza katika kisomo: kusoma na kuhesabu. Vitu vinavyohitajika ni rula, penseli, karatasi na macho yako.

Katika vijiji vyetu bado yapo magari ya zamani yanayofanya kazi. Mojawapo ni pikapu ya Land Rover 109. Namba 109 ni inchi. Ni urefu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, yaani karibu sentimita 277. Land Rover ya aina ya Series III ilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Kwa hiyo hata ile ya mwisho ina miaka zaidi ya 40. Lakini inabeba mahindi, inabeba mbao, na usiku inabeba mgonjwa.

Gari la namna hiyo likichakaa rimu, mwenye gari hutafuta rimu za gari la karibuni. Si vibaya. Ila kuna hatari ndani yake. Gurudumu likichomoka barabarani, gari hupinduka. Ukiwa kwenye kona za mlima Iyovi, au umebeba watu na magunia kutoka Ulaya kwenda Mikumi, hakuna nafasi ya kusema "samahani".

Basi kumbukeni neno moja la somo hili: KUINGIA SI KUKAA. Rimu inaweza kuingia kwenye bolti, lakini isikae sawasawa.

MAZUNGUMZO

Tufanye mfano. Kikundi cha wakulima kina pikapu ya Land Rover 109. Dereva wake ni mzee mmoja aliyehitimu kisomo. Amekwenda Mikumi kutafuta rimu. Kijana mmoja anauza vipuri.

KIJANA: Shikamoo mzee.

MZEE: Marahaba mwanangu. Habari za biashara?

KIJANA: Nzuri. Nasikia mnatafuta rimu. Hizi hapa, mzee wangu. Zina matundu matano, sawasawa na za gari lako.

MZEE: Zimetoka kwenye gari gani?

KIJANA: Land Cruiser. Usiwe na wasiwasi. Zikigoma kuingia tunatanua matundu kidogo kwa tupa. Kazi ya dakika chache tu.

MZEE: Haya. Kwanza niazime rula, mwanangu.

Mzee alipima rimu ya kijana. Akapima na rimu ya gari lake. Akaandika namba mbili kwenye karatasi: 88 na 97. Kisha akamwambia kijana, "Hizi si zangu. Ahsante, mwanangu." Akaondoka na fedha za kikundi mfukoni.

Je, namba hizo zilimwambia nini? Tuzitazame.

KIPIMO CHA KWANZA: MATUNDU

Rimu hufungwa kwa bolti na nati. Bolti hizo zimepangwa kwa duara. Magari mawili yanaweza kuwa na bolti tano, lakini duara la moja likawa kubwa na la jingine dogo. Kwa hiyo kuhesabu matundu hakutoshi. Ni lazima kupima.

Pima hivi. Weka rula kwenye matundu mawili yaliyo jirani. Anza ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza. Malizia ukingo wa kushoto wa tundu la pili. Andika milimita. Kama rimu ina matundu matano, zidisha namba hiyo kwa 1.7. Jibu ni upana wa duara.

Rimu ya Land Rover ya zamani: 97 × 1.7 = 164.9. Kipimo cha kiwandani ni milimita 165.1. Tumekaribia sana.

Rimu ya kijana: 88 × 1.7 = 149.6. Hiyo ni rimu ya milimita 150. Pikapu za Land Cruiser zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1999 zina bolti tano za duara hilo. Zile za kabla ya hapo zilikuwa na bolti sita.

Tofauti ni milimita 15. Kwa macho huioni. Ukitanua matundu kwa tupa, nati haina tena mahali pa kukalia. Rimu inashikwa na ncha tu za chuma. Itacheza, itakata bolti, na mwisho itatoka. Fundi anayekuambia "tutanue kidogo", mwambie hapana.

Sasa ni rimu zipi zina duara sawa na Land Rover ya zamani? Ni zile za Land Rover One Ten iliyotoka mwaka 1983, na Ninety ya mwaka 1984. Gari hizo mwaka 1990 zilipewa jina la Defender. Ziliendelea kutengenezwa hadi Januari 2016, na duara la bolti lilibaki lile lile. Range Rover za mwanzo na Discovery za mwanzo nazo zina duara hilo.

Lakini angalieni! Jina la Land Rover peke yake halitoshi. Discovery ya pili, iliyotoka mwaka 1998, ina duara la milimita 120. Defender mpya iliyoonyeshwa mwaka 2019 nayo ni milimita 120. Hizo hazikai kwenye gari la zamani. Msinunue jina, nunueni kipimo.

KIPIMO CHA PILI: KINA CHA RIMU

Tuseme matundu yamekubali. Bado hatujamaliza.

Laza rimu chini, uso wa nje uelekee ardhini. Weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma. Shusha rula kutoka kwenye ubao hadi pale rimu inapogusana na gari. Hicho ndicho kina. Fanya hivyo kwa rimu ya zamani na kwa rimu mpya. Linganisha.

Mfano: rimu ya zamani imetoa sentimita 11, na mpya imetoa sentimita 8. Basi ukingo wa ndani wa gurudumu jipya utasogea nje sentimita 3. Gurudumu likisogea nje sana, beringi za habu hulemewa, usukani huwa mzito, na matope hurukia bodi.

Kama namba ya rimu mpya ni kubwa kuliko ya zamani, gurudumu litasogea ndani. Hapo tairi inaweza kugusa springi unapokata kona. Tairi inayosuguliwa na chuma huchanika. Tena huchanika ukiwa na mzigo, kwa kuwa ndipo gari linapolala.

Vipimo vikitofautiana kidogo, funga gurudumu moja la mbele na ujaribu. Zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto. Ingiza vidole viwili kati ya tairi na springi. Visipopita, rimu hiyo haifai. Fanya jaribio hilo pande zote mbili.

KIPIMO CHA TATU: BOLTI NA NATI

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Tusome polepole.

Land Rover za zamani zilitumia vipimo vya Kiingereza. Bolti za magurudumu zilikuwa na unene wa inchi 9/16, karibu milimita 14.3. Baadaye kiwanda kilihamia milimita. Defender ina bolti za milimita 16.

Sasa mtu ananunua rimu za Defender pamoja na nati zake. Anazifunga kwenye bolti za zamani. Nati ya milimita 16 juu ya bolti ya milimita 14.3! Nati inaingia, eti tena inaingia kwa urahisi. Lakini uzi wa nati haukumati uzi wa bolti. Ni kama pete kubwa kwenye kidole chembamba. Gari likitembea, nati zinalegea moja baada ya moja.

Kanuni ni hii: nati hufuata bolti. Usichukue nati kwa sababu imekuja na rimu. Ichukue kwa sababu ni ya bolti yako. Kama gari lina bolti za zamani, una njia mbili. Njia ya kwanza, tumia nati za zamani zilizo nzima, kama zinakaa vizuri kwenye matundu ya rimu mpya. Njia ya pili, fundi anayejua kazi abadilishe bolti zote za habu, pamoja na nati zake. Usichanganye bolti za aina mbili katika gurudumu moja.

Jaribu nati kwa vidole kabla ya kushika spana. Nati nzuri huzunguka laini wala haitikisiki. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, usiilazimishe. Ikitikisika, siyo yake.

Hesabu pia mizunguko. Nati inapaswa kumata uzi wenye urefu usiopungua unene wa bolti. Kwa bolti ya milimita 16 hiyo ni mizunguko 11. Kwa bolti ya zamani ya inchi 9/16 ni mizunguko 9. Ikikaza kabla ya hapo, bolti ni fupi mno kwa rimu hiyo. Jambo hili hutokea sana kwa rimu za alumini, maana ni nene mahali pa kufungia.

Tazama na umbo la nati. Nati ya rimu ya chuma ina uso uliochongoka kama pia. Uso huo huingia kwenye tundu na kuiweka rimu katikati. Rimu za alumini za Land Rover zina nati zake nyingine, zenye shingo na washa. Usifunge rimu ya alumini kwa nati za rimu ya chuma.

KIPIMO CHA NNE: TAIRI

Ndugu msomaji, tairi ina maandishi ubavuni. Zamani tuliyapita kama mapambo. Leo tunaweza kuyasoma.

Tairi ya kawaida ya Land Rover 109 imeandikwa 7.50-16. Namba 7.50 ni upana wa tairi kwa inchi. Namba 16 ni upana wa rimu, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Tairi hiyo ina kimo cha karibu sentimita 81.

Tairi nyingi za siku hizi zimeandikwa hivi: 235/85 R16. Namba 235 ni upana kwa milimita. Namba 85 ni asilimia: ubavu wa tairi ni asilimia 85 ya upana wake. Namba 16 ni ile ile ya rimu. Tupige hesabu ya kimo:

Ubavu mmoja: 235 × 85 ÷ 100 = karibu milimita 200.
Pande mbili, juu na chini: 400.
Rimu: inchi 16 × 25.4 = karibu milimita 406.
Jumla: milimita 806, yaani karibu sentimita 81.

Mmeona? Kimo ni sawa na kile cha tairi ya zamani. Lakini tairi hii inataka rimu yenye upana wa inchi 6 au zaidi ndani ya kingo zake. Rimu ya zamani ya 109 ina inchi 5.5. Ndiyo maana watu hutafuta rimu za Defender zenye upana wa inchi 6.5. Tena nyingi za hizo hutumika bila mpira wa ndani. Rimu za Series zinahitaji mpira wa ndani.

Sasa mtu akikuuzia tairi za 205 R16 kwa bei nafuu, je? Kimo chake ni karibu sentimita 74. Pungufu ni sentimita 7. Gari litashuka nusu yake, yaani sentimita 3.5. Masika yakikolea, kwenye ule udongo mweusi wa mbugani unaonata, sentimita 3.5 ni nyingi. Difu itakokota tope.

Spidomita nayo itadanganya. Gurudumu fupi huzunguka mara nyingi zaidi, hivyo spidomita huonyesha mwendo mkubwa kuliko mwendo wa kweli. Gurudumu refu hufanya kinyume: unadhani unakwenda polepole, kumbe unakimbia. Barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50. Kuna vibao vya mwendo, kuna matuta, na wanyama wanavuka. Dereva asiyejua mwendo wake ni hatari kwake na kwao.

Soma tena namba ya uzito. Iko karibu na ukubwa wa tairi. Kila namba ina maana yake:

104 ni kilo 900 kwa tairi moja.
116 ni kilo 1,250.
120 ni kilo 1,400.

Tairi mbili za nyuma zenye 104 zinabeba kilo 1,800 kwa jumla. Msisahau, uzito wa gari lenyewe umo ndani ya hesabu hiyo. Ukipakia magunia kumi ya mahindi ya kilo 100, hiyo tayari ni tani moja.

Mwisho, tafuta namba nne za tarehe, mara nyingi ndani ya umbo la yai. Ikiwa 2319, tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri, lakini mpira umezeeka. Tazama nyufa ubavuni.

TAIRI NNE ZIFANANE

Land Rover za Series zina gia ya magurudumu manne. Ukisukuma chini kishikio cha njano, au ukiingiza wenzo mwekundu, magurudumu ya mbele na ya nyuma huvuta pamoja. Kati yao hakuna kitu cha kusawazisha mizunguko. Kama tairi za mbele ni fupi na za nyuma ni ndefu, moja inataka kuzunguka zaidi kuliko nyingine. Kwenye tope zitateleza na kusamehe. Kwenye barabara kavu zitapigana, na gia ndizo zitakazovunjika.

Kwa hiyo nunua rimu na tairi nne zinazofanana, na ya tano ya akiba. Kama fedha hazitoshi, ngojeni mavuno. Na katika ekseli moja usiweke tairi yenye R upande mmoja na tairi isiyo na R upande wa pili. Tairi hizo hazishiki barabara kwa namna moja.

JINSI YA KUFUNGA

1. Simamisha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine.

2. Legeza nati kidogo kabla ya kuinua gari.

3. Weka ubao mpana chini ya jeki, hasa kwenye udongo laini. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

4. Safisha mahali rimu inapokaa kwa brashi ya waya. Kutu na rangi nene hufanya nati zilegee baadaye.

5. Ingiza nati zote kwa vidole. Kisha kaza kwa kuruka: ya 1, ya 3, ya 5, ya 2, ya 4. Usizunguke kwa mpangilio, rimu itakaa upande.

6. Shusha gari, kisha kaza mara ya mwisho kwa mpangilio ule ule.

Nguvu kiasi gani? Gereji nzuri ina spana ya kipimo. Kwa rimu za chuma za Land Rover ya zamani kipimo ni nyutonimita 100 hadi 115. Kama huna spana hiyo, chukua spana yenye mkono wa nusu mita. Ivute mwishoni kwa nguvu ya kunyanyua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, na kidogo zaidi. Hiyo inatosha. Wapo wanaopanda juu ya spana na kurukaruka. Hao hunyoosha bolti, na bolti iliyonyooshwa hukatika siku nyingine.

7. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena. Jambo hili msilisahau! Kutoka Kilosa hadi Mikumi ni zaidi ya kilomita 70. Ukitoka Kilosa na rimu mpya, ukifika Mikumi shika spana kwanza, ndipo unywe chai.

DALILI ZA HATARI

Mistari ya kutu inayotoka kwenye nati. Chuma kinachong'aa kuzunguka tundu. Mlio wa "ko-ko-ko" unaoongezeka na mwendo. Usukani unaotetemeka ghafla. Ukiona au kusikia moja kati ya hayo, simama. Usiseme "tutatazama tukifika".

Tena, usikubali rimu ichomewe ikiwa na tairi. Joto hupandisha upepo ndani, na tairi inaweza kulipuka na kuua.

ANDIKENI MAPATANO

Kama gari ni la kikundi, fedha ni za wote. Kabla ya kulipa, katibu aandike karatasi: rimu ngapi, za gari gani, duara la milimita ngapi, bei gani. Aandike pia: "Zisipokaa kwenye gari zitarudishwa na fedha zitarudishwa." Muuzaji atie sahihi, na shahidi atie sahihi. Muuzaji mkweli hataogopa karatasi.

Mwenye shaka aende kwa fundi aliyesomea kazi. Mikumi kuna chuo cha ufundi cha VETA. Kuuliza si ujinga.

MANENO YA KUKUMBUKA

Rimu: chuma cha gurudumu kinachovaa tairi.
Habu: kitovu cha gurudumu kwenye ekseli, chenye bolti.
Uzi: mikato ya bolti au nati inayomatana.
Kina: umbali kutoka ukingo wa nyuma wa rimu hadi mahali inapofungwa.

MASWALI

1. Rimu ina matundu matano. Kutoka tundu hadi tundu ni milimita 70.5. Duara lake ni milimita ngapi? Je, itakaa kwenye Land Rover 109?

2. Kwa nini nati iliyokuja na rimu si lazima iwe nati yako?

3. Tairi imeandikwa 1218 katika umbo la yai. Ilitengenezwa lini?

4. Tairi nne zina namba ya uzito 116. Zote pamoja zinabeba kilo ngapi?

5. Jadilianeni: Kikundi chenu kina fedha za rimu mbili tu. Mtafanya nini?

Majibu: (1) 70.5 × 1.7 = karibu 120; haitakaa. (2) Kwa sababu nati hufuata bolti ya gari. (3) Juma la 12, mwaka 2018. (4) Kilo 5,000. Swali la 5 ni lenu wenyewe.

Nendeni sasa kwenye gari lolote lililo karibu. Ombeni ruhusa kwa mwenyewe. Someni tairi zake kwa sauti, pimeni matundu yake, na andikeni namba. Atakayesoma leo hatadanganywa kesho.